Tulianzia Nyumba ya Juu

Wiki iliyopita nilirudisha buti. Mtunza stoo alizigeuza, akaangalia soli, akasema, "Mama, hizi haziwezi kupewa mtu mwingine." Nikamwambia hata miguu yangu haiwezi kupewa mtu mwingine. Ndivyo nilivyostaafu.

Vijana niliokuwa nanyi kwenye kazi ya usafi mmeniomba niandike kidogo. Nilisoma mpaka darasa la saba na ninaandika polepole, kwa hiyo mtanivumilia. Sitaandika nani alipandishwa cheo wala nani alilipwa nini. Mambo hayo mnayajadili vya kutosha mkiwa garini. Nimefanya kazi Pasiansi, nimefagia stendi ya Buzuruga mpaka makondakta wakanizoea, lakini nitaandika zaidi habari ya mlima mmoja wa Kirumba, ule uliokaribia kunirudisha kijijini. Nauandika kwa sababu mara nyingi mnarudi kazini mkilalamika kwamba wananchi hawapendi usafi. Mimi bado sijakutana na mwananchi asiyependa usafi. Nimekutana na wengi wasiopenda kufanywa wajinga.

Nilianza kazi miaka ya tisini, nikiwa msichana niliyetoka Magu kuja kukaa kwa shangazi yangu Kirumba. Nilikuwa na aibu kiasi kwamba dukani nilinyoosha kidole badala ya kutaja ninachotaka. Nikiletewa sabuni badala ya chumvi, nilirudi nyumbani na sabuni. Shangazi alichoka. Akasikia kuna kikundi cha akina mama kinachozoa taka, akanipeleka.

Kiongozi wa kikundi aliitwa Mama Zuhura, mjane wa mjini, Mwislamu, mzaliwa wa Mwanza. Alivaa buti za kiume na kanga mbili, na hakuwa mtu wa kupoteza maneno.

"Unaitwa nani?"

Nikamwambia.

"Nani?"

Nikamwambia tena: Kabula.

"Huyu," akamwambia shangazi, "tutampa reki. Reki haihitaji sauti."

Siku hiyo ya kwanza alinifundisha mambo ambayo mpaka mwezi uliopita nilikuwa nayafundisha. Gunia usilijaze mpaka shingoni, kwa sababu atakayelibeba ni wewe. Litikise kabla ya kulinyanyua; chupa iliyovunjika itachomoza ubavuni kabla haijakutoboa mgongo. Majivu yamwagie maji kwanza, hata kama mwenye nyumba anaapa yamepoa tangu jana. Na kubwa kuliko yote, usimsalimie mtu ukiwa umeziba pua.

"Ukifika mlangoni, shusha kitambaa," alisema. "Salimia, pokea, shukuru, ondoka. Ukiziba pua mlangoni kwake umemwambia kwamba anayenuka ni yeye. Hatakupa taka zake tena, na hatakusahau."

Lazima niwaeleze mji ulivyokuwa. Zamani taka za mlimani zilikuwa maganda, majani na majivu. Mbuzi walikula nusu, nusu nyingine ikaoza. Kisha biashara zikafunguliwa. Maduka yakajaa vitu vilivyofungwa kwa plastiki, mitumba ikaingia kwa marobota, na viwanda vya samaki vikawa vinachukua minofu ya sangara na kutuachia mapanki, yale mafupa yenye vichwa ambayo watu waliyakaanga na kuyauza mitaani. Taka zikawa za aina ambayo mbuzi hakuijua. Wakati huohuo gari la taka la manispaa lilikuwa limelala yadini juu ya matofali, bila matairi. Serikali ilikuwa inapunguza watumishi na kutangaza kwamba vikundi na watu binafsi wajitokeze kufanya kazi. Waliojitokeza ni sisi: wanawake wachache, mkokoteni mmoja, na Majura, kijana wa Kijita aliyeuvuta mkokoteni huo huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya.

Mnaoijua Mwanza mnajua nyumba zetu zinavyokaa juu ya mawe. Mlima wetu ulikuwa na njia moja tu, na njia hiyo iliambatana na korongo kutoka kileleni mpaka barabarani. Kila nyumba ilitupa taka korongoni. Mvua ikinyesha, zinashuka zote pamoja, zinaingia kwenye vyumba vya watu wa chini, zinavuka barabara, zinaishia ziwani karibu na pale akina mama walipoanika dagaa.

Ofisi ya kata ikatengeneza sheria ndogo. Hakuna kutupa taka korongoni. Kila nyumba ichangie kikundi cha usafi. Atakayekaidi atozwe faini. Bwana Afya wa kata, kijana mpole aliyechomekea shati hata siku za joto, alikuja kutusomea karatasi yake pale tulipoegesha mkokoteni.

"Sitaki kuileta kwa mgambo," alisema. "Ikiletwa kwa mgambo itaisha siku mgambo akiugua. Kabla ya mvua za vuli tutaitisha mkutano wa hadhara. Watu wakinyoosha mikono kuikubali, mlima ni wenu. Wakikataa, kikundi kitavunjwa na kata itatafuta njia nyingine."

"Njia gani?" Mama Zuhura akauliza.

"Sijui, mama. Ndiyo maana nawaombea mfanikiwe."

Kwa hiyo kazi yetu yote ilikuwa mikononi mwa watu ambao kila asubuhi walitutupia matumbo ya samaki mbele ya miguu. Kikundi kikivunjwa, Mama Zuhura angebaki na wajukuu bila kazi, na mimi ningerudishwa Magu kulima pamba. Shangazi alikwisha kuniambia hivyo waziwazi. Hakuwa mtu mbaya. Chumba chake kilikuwa kimoja.

Tulianza kwa bidii, na tulianza chini. Sababu ilikuwa mkokoteni. Mkokoteni haupandi mawe, unabaki barabarani, na mtu akiwa na mkokoteni huanza kazi pale ulipo. Tulifagia nyumba za chini, tukapakia, tukafurahi. Ikifika jioni pale chini pamejaa tena, kwa sababu nyumba zote za juu ziliendelea kumwaga. Asubuhi tunaanza upya. Watu wa chini wakaanza kutuuliza kwa nini wachangie kuondoa uchafu wa wengine. Tukafagia kwa nguvu zaidi, kana kwamba tatizo lilikuwa mikono yetu.

Adui yetu mkubwa alikuwa Mama Shija. Aliishi katikati ya mlima, akikaanga mapanki mbele ya nyumba yake, na sauti yake ilisikika ng'ambo ya korongo.

"Haya, wafagia ziwa wamefika!" alikuwa akituambia. "Fagieni, fagieni! Kesho mtakuta nyingine, tumewawekea."

"Shikamoo, Mama Shija," nikajikaza kusema siku moja.

"Marahaba. Kumbe kana mdomo!"

Wateja wake wakacheka. Mama Zuhura akasimama, akaegemea reki.

"Mama Shija, sisi tunaokota, wewe unatupa. Huoni hata aibu?"

"Aibu ya nini? Nikiacha mimi, wa juu wataacha? Nikae na gunia langu ndani, nichangie, halafu nitazame taka za wenzangu zikipita mlangoni kwangu zikinipungia mkono? Mimi siyo mjinga wa mtaa huu. Tafuteni mwingine."

Wakacheka zaidi, na niliwaona wengine wakitikisa vichwa kumkubali. Mwenyekiti wa mtaa naye alikuwa hasaidii. Aliishi chini kando ya barabara, ambako alikuwa na kilabu cha bia, na kila Jumamosi alisimama palepale na kipaza sauti akiwaambia watu wa mlimani kwamba ni wachafu na kwamba serikali imewachoka. Kila alipomaliza kusema, tulipanda mlimani na kukuta watu wametupa mara mbili ya kawaida.

Mkutano ulipokaribia, mambo yalikuwa hivyo. Mama Zuhura alianza kuniambia niweke akiba ya nauli.

Kisha siku moja Mama Shija akashuka mwenyewe mpaka kwenye mkokoteni. Hakuwa amewasha moto siku hiyo. Mama Zuhura alikuwa anapaka ekseli mafuta, na hakuinua kichwa.

"Mama Zuhura, Jumamosi nina wageni."

"Hongera."

"Wakwe. Wanatoka Kwimba, wanakuja kuzungumza habari ya ng'ombe wa binti yangu Shija."

"Hongera zaidi."

"Watapita korongoni."

Mama Zuhura akaendelea na ekseli.

"Nasema watapita korongoni! Wazee watu wazima, mama mkwe na kitenge kipya, wakanyage utumbo wa samaki na mifuko? Si watasema wanaoa jalalani? Ng'ombe wataanza kupungua huko huko njiani, wakifika kwangu wamebaki kwato."

"Tunaweza kusafisha Ijumaa," Mama Zuhura akasema. "Jumamosi asubuhi patakuwa pamejaa tena. Wewe mwenyewe ndiye uliyetueleza."

Mama Shija akafunga kanga yake upya kiunoni.

"Basi nitawaambia wasitupe."

"Akina nani?"

"Wote walio juu yangu."

"Nenda. Mchukue na Kabula, akaeleze habari ya magunia."

"Huyu bubu?"

"Huyo ndiye anayekufaa. Hatakukatiza."

Tukapanda. Kwenye nyumba ya kwanza juu ya Mama Shija alikaa mke wa fundi cherehani. Alitusikiliza vizuri, akatukaribisha na maji. "Mimi sina shida hata kidogo, Mama Shija," akasema. "Nitaweka kwenye gunia. Ila mwambie Baba Neema hapo juu. Yeye akimwaga na mimi nimejizuia, nitaonekana nina kichaa."

Baba Neema alikuwa anajinyoa mlangoni. "Mimi? Mimi mstaarabu, kila mtu anajua. Zungumza na wale wa juu yangu. Wakiacha wao, mimi nimeacha tangu jana."

Nyumba iliyofuata, maneno yaleyale. Iliyofuata, yaleyale, na kiapo juu. Tulipokaribia kileleni Mama Shija akakaa juu ya jiwe, akavua ndala, akapumua.

"Kabula."

"Naam, mama."

"Hawa watu wote wanaongea kama mimi."

"Ndiyo, mama."

"Huwa inaudhi hivi?"

"Ndiyo, mama."

Akanitazama, akacheka mpaka jiwe likatikisika. Tangu siku hiyo hakuniita bubu tena.

Nyumba ya mwisho kabisa ilikuwa ya Mzee Butondo, mstaafu wa kinu cha pamba, aliyekaa na mkewe na mbuzi wao. Juu yake kulikuwa na mawe na mwewe tu. Tulimkuta akisokota kamba.

"Shikamoo, Baba," tukasema pamoja.

"Marahaba. Leo mapanki yamepanda mpaka huku?"

Mama Shija akaeleza shida yake. Mzee akasikiliza bila kuacha kamba.

"Mimi uchafu haunifikii," akasema. "Ukitoka hapa haurudi, na hauniulizi njia."

"Najua, Baba."

"Kiangazi chote nimesikia kipaza sauti kikinitukana kutoka huko chini. Kila mkutano tunaitwa chini. Kwa magoti haya, nikishuka leo ninarudi kesho. Mambo yanaamuliwa huko, habari naletewa na mbuzi."

"Baba, mimi sikuja kwa habari ya mkutano. Nimekuja kuomba. Baba yake Shija hayupo duniani, unajua. Shemeji zangu watakuja, lakini hawana maneno, watakaa kama magogo. Nataka wewe ndiye uwapokee wakwe. Uzungumze kwa niaba ya nyumba yetu."

Mzee Butondo akaiweka kamba chini.

"Nizungumze mimi?"

"Wewe ndiye mkubwa wa mlima huu."

Akatazama mlangoni kwake, kisha akatazama korongo, pale ambapo maganda ya asubuhi hiyo yalikuwa bado mabichi.

"Na wageni wakiniuliza huu uchafu waliopita ni wa nani?"

Mama Shija aliinama tu akavaa ndala zake. Alikuwa na akili kuliko nilivyodhani.

"Mama!" Mzee akamwita mkewe. "Tuna gunia tupu la pumba? Lilete." Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe, mtoto wa taka."

"Naam, Baba."

"Mwambie Bwana Afya wenu hivi: mkutano wake nitauunga mkono nikiuona. Na mimi huona nikiwa hapa juu."

Asubuhi iliyofuata hatukugusa nyumba za chini. Tulimwacha Majura na mkokoteni barabarani, tukapanda na ngata zetu, vitambaa vya kutwikia mizigo kichwani, mpaka kileleni, tukachukua gunia la Mzee Butondo kwanza. Lilikuwa zito, nafikiri alitaka kuonyesha. Nililibeba mimi. Sikuhubiri, hata ningetaka nisingeweza. Nilishuka tu, mlango kwa mlango.

"Hilo la nani?" mtu wa nyumba ya pili akaniuliza.

"La Mzee Butondo."

"La Mzee mwenyewe?"

"Lake."

Akaingia ndani, akatoka na la kwake. Nyumba ya tatu waliona magunia mawili yakipita. Baba Neema aliona mengi zaidi, akakumbuka kwamba ni mstaarabu. Mke wa fundi cherehani alikuwa amesimama nje anatusubiri, gunia limefungwa kwa utepe. Kila mtu aliona kwa macho yake kwamba aliye juu yake ametoa, na hakuna maneno ya kipaza sauti yanayoshinda jambo hilo. Kufika Ijumaa korongo lilikuwa wazi na tukaanza kuona mawe yenyewe, mazuri, yenye michirizi, ambayo nadhani watoto wengi wa mlima ule walikuwa hawajawahi kuyaona.

Jumamosi wakwe walipanda. Mzee Butondo alishushwa mpaka kwa Mama Shija akiwa amevaa koti, akakaa kwenye kiti cha mbele. Baba wa kijana, mfugaji mrefu mwenye fimbo, alipofika alitazama alikotoka, akasema, "Tuliambiwa mjini kuna uchafu. Hapa mnaishi vizuri."

"Mlima huu?" Mzee Butondo akasema. "Hapa hata mvua inapiga hodi."

Mimi nilikuwa jikoni, sikusikia walivyomalizana. Nilisikia vigelegele, na baadaye Mama Shija akaja nyuma kuniletea sahani ya nyama iliyojaa kupita aibu yangu yote. "Wabeja, ng'wanawane," akasema, yaani asante, mwanangu. "Ng'ombe wamefika wazima."

Tulidhani ingeishia hapo. Jumatatu tulipanda bila matumaini makubwa. Gunia la Mzee Butondo lilikuwa nje, limefungwa. Mama Zuhura akalishika shingo, akalitikisa, akaniambia, "Sasa tumeanza kazi." Ikawa kila asubuhi tunaanza kwake, na milango inafunguka yenyewe tukishuka. Vijana, nilipopelekwa stendi ya Buzuruga miaka ya baadaye nilifanya vilevile. Nilianza na ofisi za mabasi makubwa ndipo nikaenda kwa wauza karanga. Wapo waliosema nawaogopa wauza karanga.

Ujumbe wa Mzee niliupeleka kwa Bwana Afya mwenyewe. Nilikuwa nimeukariri njiani. Alifikiri kidogo, akasema, "Ana haki." Mwenyekiti akapinga kwamba mkutano wa mtaa hufanyika ofisini.

"Mwenyekiti, ofisini hakuna watu," Bwana Afya akamjibu. "Watu wako juu."

Siku ya mkutano Bwana Afya alipanda na viatu vya soli laini, vikateleza, akavivua, akafika kileleni kwa soksi, viatu mkononi na shati limechomoka. Watu wakampigia makofi kabla hajasema neno. Mzee Butondo akampa kigoda chake mwenyewe. Mwenyekiti alifika nyuma yake, anahema, akaomba maji.

Bwana Afya akasoma sheria. Watu walikuwa wakimsikiliza vizuri mpaka alipofika kwenye faini. Hapo minong'ono ikaanza.

Mama Shija akasimama. "Mimi naunga mkono usafi, kila mtu ameona. Faini siiungi mkono. Faini ni ya maskini. Mwenye nacho atatupa, atalipa, kesho atatupa tena. Huyo atakuwa ananunua ruhusa."

"Kweli!" watu wakasema.

"Mnataka nini badala yake?" Bwana Afya akauliza. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Mzee Butondo hakusimama, lakini kila mtu alimgeukia. "Atakayetupa korongoni abebe gunia langu. Kutoka hapa mpaka kwenye mkokoteni. Wiki nzima, asubuhi, watu wakiwa milangoni."

Kicheko kilichotoka hapo kilisikika mpaka soko la samaki la Mwaloni.

"Na akiwa mtu mkubwa?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Gunia langu halijawahi kumwuliza mtu cheo."

Mwenyekiti ndiye aliyecheka kuliko wote. "Safi kabisa!" akasema. "Andika hivyohivyo, Bwana Afya. Mimi mwenyewe nitasimamia."

Bwana Afya akafuta, akaandika. Kisha Baba Neema akauliza swali lililokuwa moyoni mwa wengi: tukishapewa mlima, si tutakuwa tunazoa pale chini tu penye wepesi? Mama Zuhura akanisukuma mgongoni. Mpaka leo sijui kwa nini alinichagua mimi. Nikasimama, na watu wote wa mlima wakawa wananitazama.

"Nyumba ya kwanza itakuwa hii," nikasema. "Siku mkiona gunia la hapa halijapita, na ninyi msitoe."

"Hatukusikia!" wakasema walio nyuma.

Nikarudia kwa sauti ambayo hata shangazi hakuijua. Baba Neema akasema, "Hiyo nimeielewa," akakaa.

Bwana Afya akaomba wanaokubali wanyooshe mikono. Alianza kuhesabu, akaacha, akaona ni rahisi zaidi kuuliza nani anakataa. Mbuzi mmoja akalia. Mkutano ukavunjika kwa vicheko, na mlima ukawa wetu.

Mvua za vuli zilikuja kwa nguvu. Akina mama wa chini walisimama milangoni na majembe kama walivyozoea, wakisubiri. Maji yakashuka, mekundu kwa udongo, yakapita. Wakarudisha majembe ndani.

Lakini mvua hiyo ilifukua jambo. Pale chini kabisa, kwenye mwisho wa korongo nyuma ya kilabu cha Mwenyekiti, maji yaliacha rundo la chupa na vifuniko vya bia. Mlima mzima ulijua ni za nani. Hapakuwa na kilabu kingine. Habari ilipanda haraka kuliko sisi. Asubuhi tulipofika kileleni, gunia la Mzee Butondo lilikuwa nje kama kawaida, lakini tuliposhuka nalo, mlango baada ya mlango haukufunguka.

"Gunia lipo," mke wa fundi cherehani akatuambia dirishani. "Tunasubiri kwanza."

Hakusema wanasubiri nini. Baba Neema naye alisema anasubiri. Kwa Mama Shija mafuta yalikuwa yanachemka na gunia lake lilikuwa limewekwa ndani, karibu na mlango.

"Mama Zuhura, mimi nakupenda," akasema. "Ila nilikwambia siku ya kwanza mimi siyo mjinga."

Nilielewa kwamba tunakaribia kupoteza kila kitu, na mkutano mwingine usingetusaidia. Mama Zuhura akashuka moja kwa moja mpaka kilabuni, nami nyuma yake. Mwenyekiti alikuwa anafungua mlango.

"Najua mmekuja kwa nini," akasema kabla hatujasalimia. "Ni vijana wangu wa kazi, hawakuelewa. Nitalipa faini. Hata mara mbili."

"Faini haipo, Mwenyekiti," Mama Zuhura akasema. "Ulikuwepo tukiifuta."

"Mama, mimi ni mtu mzima. Nina nafasi yangu kwenye jamii."

"Ndiyo maana wanasubiri. Angekuwa mtu mwingine wasingesubiri." Akashusha sauti. "Hatutaleta mgambo. Hatutakutangaza. Kesho tutakuwa juu kwa Mzee Butondo, kama kila siku. Ukija tutakuona. Usipokuja, tutarudisha mkokoteni ofisi ya kata."

Tukaondoka. Nilimwuliza njiani kama atakuja. Akasema hajui, na kwamba akijua kitu ataniambia.

Kesho yake tulifika kileleni ukungu wa ziwa ukiwa bado umelala kwenye mawe. Mzee Butondo alikuwa nje na koti lake, lile la siku ya wakwe. Tukakaa. Kisha tukasikia mtu anahema njiani, na Mwenyekiti akatokea, suruali imekunjwa mpaka magotini.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwenyekiti. Karibu." Mzee hakutabasamu wala hakununa. "Lishike shingoni, usilikumbatie ubavuni. Huwezi kujua ndani kuna nini."

Mimi nikampa ngata yangu. Akajitwisha, akayumba, akasimama sawa, akaanza kushuka. Mlango wa kwanza ulikuwa wazi na watu wamesimama nje. Hawakucheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko na matusi, lakini mlima ulikuwa kimya, na zilisikika hatua zake tu juu ya mawe. Alipopita, mwenye nyumba akaingia ndani, akatoka na gunia, akashika njia nyuma yake. Nyumba ya pili vilevile. Baba Neema akabeba la kwake mwenyewe, hakusubiri sisi. Mke wa fundi cherehani akaingia kwenye mstari na mtoto mgongoni.

Kwa Mama Shija Mwenyekiti alisimama kupumua, jasho likimwingia machoni. Mama Shija akaacha kikaango, akafuta mikono kwenye kanga.

"Pole na kazi, Mwenyekiti," akasema, na aliisema kwa heshima kamili. Akabeba gunia lake, akafuata.

Tulifika barabarani tukiwa msafara. Majura aliacha kuimba. Watu wa chini walitoka majumbani kuangalia, na waliokuwa wanakwenda Mwaloni kununua samaki wakasimama kuuliza kuna sherehe gani. Mwenyekiti akalitua gunia kwenye mkokoteni, akalisukuma ndani mpaka likakaa vizuri, akajifuta uso kwa ngata yangu. Mlima mzima ulikuwa umesimama nyuma yake na magunia vichwani, unasubiri zamu ya kupakia.

Akamgeukia Mama Zuhura.

"Kesho nije saa ngapi?"